Siku Bibi Hosiyat Alipoimbia Vioo

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza habari za siku ile mpaka nimeona haya kuendelea kuwakwepa. Kila mmoja nimempa kipande: huyu nimemwambia ya treni, yule ya mlinzi wa hoteli, na Mama Aline nikampa ya mwokaji kwa sababu alikuwa na haraka. Sasa naandika yote mara moja, kwa mpangilio wa njia tuliyopita, ili mkimaliza kusoma mniache nipumzike. Mambo ya vibali vya kutoka nyumbani nimeyaruka. Mlikuwa hapa Sydney mwaka ule, mnajua karatasi zilivyokuwa nyingi, na hakuna anayetaka kuzisoma mara ya pili.

Kabla ya kuondoka

Kwa wasiojua kazi yangu: natunza wazee majumbani mwao. Bibi Hosiyat alikuwa wangu siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, katika fleti yake ya chini pale Guildford. Kampuni ilinipa karatasi yenye jina lake, dawa zake, umri wake wa miaka sabini na saba, na nchi aliyotoka, Uzbekistan. Mengine niliyaokota mwenyewe. Binti yake, Nigora, aliniambia kwenye simu kwamba mama yake alikuwa mwimbaji, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema mama yangu alikuwa akifuma vitambaa. Nikamtafuta kwenye mtandao. Nikaona mwanamke mwenye kofia ya nyuzi za dhahabu amesimama juu ya lori katikati ya shamba la pamba, na watu wamejaa mpaka picha inapoishia.

Kumbe alizaliwa kwenye mashamba hayo hayo. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliwaimbia wavunaji wa pamba wasisinzie, mtu wa redio akapita, akamsikia, na mwaka uliofuata alikuwa Tashkent, mji mkuu wao, akifundishwa kusimama jukwaani. Baada ya hapo hakuna harusi ya maana iliyofungwa bila yeye. Siku nyingine aliimba harusi tatu tangu asubuhi, na mashamba ya mbali yalimpelekea helikopta. Kaseti zake zililia kwenye kila gari. Halafu, akiwa na miaka arobaini tu, akanyamaza, na hakuimba tena. Sababu nitaisema.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji na kukatalia dawa. Kiuzbeki mimi sina hata neno. Lakini mapema tuligundua kwamba wote wawili tuna dunia, habari, dua, safari, chai na sababu, kila mmoja akiyatamka kivyake, na kwa maneno hayo machache tulikuwa tunashinda tukipiga soga. Palipotushinda, simu yangu ilitafsiri.

Sasa kosa langu. Mwanzoni mwa mwaka Nigora alikwenda kwao kumzika mjomba wake, ndege zikakatika, akakwama huko miezi saba. Agosti akapata kiti. Alipotua Sydney alipelekwa moja kwa moja kwenye hoteli mjini, akae chumbani siku kumi na nne kama sheria ilivyotaka. Jumanne moja katika siku hizo nikaamua kusafisha fleti ili akute nyumba inang'aa. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na msumari, kwenye msumari kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa mkate wa duara uliokauka kama ubao, ukingoni umeumwa mara moja. Mimi na cheti changu cha usafi, tena wakati wa korona, nikaona mate ya mtu. Nikautupa pamoja na maganda ya viazi. Gari la taka likapita mchana huo huo.

Alhamisi nilimkuta ameketi akiutazama msumari. Akaiambia simu, nayo ikanieleza kwa lile lisauti lake lisilo na huruma. Kwao mtu anayesafiri huuma mkate kabla hajavuka kizingiti. Mkate unatundikwa na kumngoja, naye akirudi anaumalizia. Ukipotea, hakuna tena kinachomvuta arudi. Ule ulikuwa wa Nigora. Na simu ya Nigora ilikuwa imenyamaza tangu Jumanne jioni, na hotelini walisema tu kwamba hawatoi habari za mgeni yeyote.

Hapo nikafanya la pili, la kijinga kuliko la kwanza. Nilikimbilia duka la Walebanoni barabarani, nikanunua mkate wa duara, nikauuma, nikaukausha kwenye oveni Bibi akiwa chumbani, huku nimefungua maji ya bafuni asisikie, nikaufunga kwa kitambaa. Nikasema nimeupata, ulikuwa umeanguka nyuma ya friji. Bibi akaufungua. Akanionyesha kwa kidole nishushe barakoa. Mnaujua mwanya wangu. Ulikuwa umejichora pale kwenye alama ya meno, wazi kabisa. Akautazama mdomo wangu, akautazama mkate, akacheka. Alicheka mpaka nikamletea maji, na baada ya maji akaendelea, machozi yanamtoka, na mimi sikuelewa ni nini cha kuchekesha kiasi hicho. Kisha akamimina chai, akanikalisha, nikaumaliza mkate wangu wote mpaka chembe.

Baada ya chai hakucheka tena. Akaiambia simu kwamba alikuwa na mtoto wa kiume. Alichukuliwa jeshini, akapelekwa vitani Afghanistan, na siku ya kuondoka aliuma mkate vizuri kama wanavyouma wote. Yeye mama yake akaenda kuimba harusi za watu wilaya ya mbali. Aliporudi alikuta panya wamekula mkate. Mtoto hakurudi, na yeye hakuimba tena. "Jumamosi," simu ikasema, "tunampelekea Nigora mkate mwingine. Auume."

Ningeweza kukataa. Ila mkate niliutupa mimi.

Macquarie Fields hadi Guildford

Mtaani kwetu ukungu ulikuwa umelala juu ya paa zote, na hakuna hata mbwa aliyebweka. Mwanangu Divine alisimama mlangoni amejifunga blanketi. Nikamweleza kwa Kiswahili ninakokwenda na kwa nini, naye akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: "Mum, that's actually creepy," yaani inatisha. Nikamwambia aoshe vyombo.

Nilibadilisha treni Glenfield. Jukwaani nilikuwa peke yangu, na kipaza sauti kikatangaza kwa adabu kwamba tuachiane nafasi. Ndani ya behewa, mnakumbuka vile vibandiko vya kijani vya kutuonyesha pa kukaa, kimoja hapa, kingine kule, katikati viti vitupu. Nilikaa kwenye changu. Baada ya kituo kimoja nikaanza kuhisi kwamba viti visivyo na kibandiko ndivyo vilivyokaliwa, na kwamba ndiyo maana tumekatazwa kuvikalia. Pale Liverpool nilijikuta nimeuondoa mkoba wangu kwenye kiti cha jirani, nimeupakata. Nikijicheka hivi leo ni kwa sababu nimo sebuleni kwangu. Asubuhi ile sikucheka.

Nilikuta mlango wa Bibi uko wazi, naye ameketi kizingitini juu ya kiti cha jikoni. Alikuwa amevaa koti lake kubwa la kijivu, na chini ya pindo lake nikaona hariri ya rangi nne tano zilizoingiliana. Kichwani, chini ya mtandio, kulikuwa na kitu kinachometa. Nilimwuliza kama amekula. Akasema, "Safar," yaani tuondoke.

Guildford hadi Bankstown

Mkate wa Walebanoni ulikuwa umekataliwa. Ulitakiwa wa tanuri la udongo, uliopigwa mhuri wa ua katikati, na mwokaji wa namna hiyo niliambiwa yuko Bankstown. Basi letu halikuja. La pili nalo halikuja. Tulikaa kituoni saa nzima na nusu, na helikopta ya polisi ikaja ikaanza kuzunguka juu yetu, ikipaaza maneno ambayo upepo uliyakata. Mimi nilishika makaratasi yangu kifuani. Bibi akainuka, akavua mtandio, akaupungia ile helikopta kwa madaha makubwa, mara tatu. Nikamvuta akae. Baadaye ndipo nilipokumbuka zile helikopta za harusini, nikaelewa kwamba aliamini wamekuja kumchukua.

Bankstown ya Jumamosi mnaijua, mtu unakanyagwa. Siku ile niliweza kusikia viatu vyetu. Maduka yameshushwa milango, matangazo ya punguzo la bei yanazunguka kwenye vioo bila mtu wa kuyasoma. Duka la mwokaji lilikuwa nyuma, kwenye uchochoro, na moshi ulitoka. Jina lake Karim, mwanamume wa makamo, Mwuzbeki wa upande wa Afghanistan, anatoka mji unaoitwa Mazar. Alikuwa ameinama, mkono mzima umo tanurini.

Bibi alimsalimia pale mlangoni. Maneno mawili tu, barakoa ikiwa usoni. Karim hakuinuka. Alibaki vile vile, mkono motoni, mpaka nikaogopa ataungua. Alipouchomoa hakumtazama Bibi, alinitazama mimi.

"Dada," akaniuliza kwa Kiingereza, "huyu mama umemtoa wapi?"

"Guildford."

"Sauti hii ilishakufa. Nilikuwa mtoto. Redio ya ng'ambo ya mto wa mpaka ilitangaza, na mama yangu alilia siku tatu. Aligeuza kioo cha nyumbani kikatazama ukuta."

Nikamwambia huyu ni mzima, nimemwogesha juzi. Hakunisikia. Bibi akaongea naye taratibu, naye akanitafsiria huku macho yake yako sakafuni. Redio ilisema hataimba tena. Watu wakaelewa kwamba amekufa. Yeye akawaacha waelewe hivyo, maana marehemu haitwi harusini. Alipita sokoni akasikia wanawake wakimwombea dua, akaitikia amina pamoja nao.

Kisha Bibi akamwuliza kwao ni wapi. Aliposikia Mazar, akasema neno moja refu. Karim hakutafsiri mpaka nilipomwomba. "Anasema mwanawe yuko kwetu," akasema.

Karim alinawa mikono upya, akakanda donge, akalitandaza, akapiga mhuri katikati, akalibandika kwenye ukuta wa tanuri. Mkate ulipoiva aliufunga mwenyewe kwa kitambaa kipya. Nilipotoa kadi ya benki alirudi nyuma. "Kutoka kwa marehemu sipokei," akasema, wala hakuwa anatania. Akatuongezea sambusa zao za kuokwa, nne, za nyama na vitunguu vingi.

Bankstown hadi mjini

Sambusa nilizila mimi, zote nne, kwenye jukwaa la stesheni, nimegeukia ukuta ili nikishusha barakoa nisigombezwe. Zilikuwa tamu, mafuta yananichuruzika kidoleni. Bibi hakutaka hata kuonja. Alikuwa ameuingiza mkate ndani ya koti ili usipoe.

Treni ilikwenda vizuri mpaka ilipopita Marrickville, ikasimama katikati ya njia. Kipaza sauti kikaomba radhi, kikazimika, na taa nazo zikapungua. Tulikuwa ghorofa ya chini ya behewa, na ya juu sikuwa nimeona mtu akipanda. Tukakaa dakika kumi, ishirini. Nilikuwa natazama nje, nyuma za nyumba za watu, nguo kwenye kamba, baiskeli za watoto, na hakuna mtoto, ndipo nikasikia mtu anaimba.

Alikuwa msichana. Mwimbaji wa kwaya hakosei jambo hilo: ilikuwa sauti ya msichana wa miaka kumi na tatu, kumi na minne, haijakomaa vizuri, juu kabisa, na safi. Nikadhani ni simu ya mtu. Nikapanda ghorofani. Viti, vibandiko vya kijani, basi. Nikashuka nikaenda behewa la mbele, sauti ikapungua. Nikarudi, ikaongezeka. Nilipofika alipoketi Bibi nikaona barakoa yake inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Macho yalikuwa yamefumbwa. Katika mwili wote ule wa kizee hakuna kingine kilichokuwa kikisogea.

Sitawaficha, niliogopa. Nilikaa kiti cha mbali nikalitaja jina la Yesu kimoyomoyo, nikalirudia. Wimbo ulikuwa na beti nyingi, na kila ubeti uliishia kwa mwito mfupi, kama mtu anayemwita mwenzake aliye mstari wa pili wa pamba. Nusu saa ilipita hivyo. Treni iliposhtuka na kuondoka, alifumbua macho, akageuka nyuma, akatazama na ngazi ya kupandia juu.

"Kim?" akaniuliza. Sikuhitaji simu kunitafsiria. Alikuwa ananiuliza ni nani aliyekuwa akiimba.

Nikamwambia sijui. Naye akakubali, akaitikia kwa kichwa, kama jibu hilo linatosha.

Chini ya hoteli

Kutoka stesheni ya Central tulitembea. Taa za kuvushia watembea kwa miguu zilikuwa zinagonga tik tik tik kila kona, barabara ya njia nne, hakuna gari, na Bibi alingoja kila moja mpaka ikawa kijani. Ndege wale weupe wenye midomo mirefu walikuwa wamepanda juu ya meza za mkahawa uliofungwa. Tulikutana na mtu mmoja tu, naye alivuka barabara alipotuona.

Hoteli ilikuwa ndefu, vioo vitupu, mapazia yamefungwa kote. Mlangoni walikuwa wanajeshi wawili, askari polisi mwanamke, na mlinzi mweusi mwenye shingo nene. Nilikuwa nimeanza kumlilia Mungu wangu kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, na yule mlinzi akageuka.

"Mama, unasemaka Kiswahili?" Alikuwa Mkongomani. Nilimwita Papa Jean, na hapo nilipata nguvu kidogo. Nikamweleza yote, mkate, msumari, simu iliyonyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mukate haiingie, mama. Chakula ya inje bamekataza, ni loi ya serikali. Binti iko étage ya ngapi?"

"Ghorofa ya tisa. Hilo ndilo tunalolijua."

Akatazama viatu vyake. "Sitakudanganya. Jana ambulance ilikuya. Bakabeba mutu moya ya étage ya tisa. Kama ni mwanamuke, kama ni mwanaume, miye sikuona. Nilikuwa huku inje."

Bibi alikuwa ananitazama usoni. "Habar?" akauliza.

"Habar yok," nikamjibu, hakuna habari. Ndiyo maneno aliyonifundisha mwenyewe. Kwa kumdanganya mtu kwa lugha yake nilijisikia vibaya mno.

Sijui kama aliniamini. Alivuka barabara mpaka upande wa pili, mahali pa kuweza kuiona hoteli nzima. Akavua koti akanipa nishike. Mbele ya lile jengo la kijivu ile hariri yake iliwaka, na kofia ya dhahabu ilikuwa ile ile ya kwenye picha. Akavua barakoa. Akaimba.

Mnakumbuka kwamba hata sisi kanisani tulikatazwa kuimba miezi ile, tukawa tunasomewa nyimbo. Kusikia mtu anaimba hadharani kulinishtua kuliko kama ningemwona uchi. Na safari hii hakuwa yule msichana. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, nzito, imekwaruza, inakatika juu na yeye anaiokota na kuendelea. Aliimba kama mtu anayefungua mlango uliokwama, kwa bega. Nililia, na sioni aibu kusema.

Pazia moja la ghorofa ya kwanza likafunguka. Halafu la pili. Vioo vile havifunguki, vimegandishwa, na Papa Jean aliniapia baadaye kwamba ukiwa ndani husikii hata king'ora. Lakini mapazia yaliendelea kufunguka, ghorofa baada ya ghorofa, kutoka chini kwenda juu, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi bila haraka. Kila dirisha na uso. Watu wenye nguo za kulalia, mama ameshika mtoto, mzee amevaa tai. Hakuna aliyepunga mkono, na hakuna mdomo uliosogea. Waliweka viganja kwenye kioo wakatazama chini. Askari polisi alikuwa anatujia kututaka barakoa, akageuka kuona tunachokitazama, akabaki amesimama katikati ya barabara.

Mapazia ya ghorofa ya tisa yakafunguka yote, isipokuwa moja, la tatu kutoka pembeni. Nilimwona Bibi anaimbia lile. Aliliimbia muda mrefu, wimbo ukaisha akauanza upya, na mimi nilikuwa nimelishika koti lake kwa mikono miwili, nawaza jinsi nitakavyomrudisha nyumbani na nitakachomwambia. Niliutupa mimi ule mkate. Hilo tu ndilo lililokuwa likizunguka kichwani.

Pazia likavutwa. Alikuwa mwanamke mwenye joho jeupe la kuogea, nywele timtim, amejishikiza kwenye kioo. Bibi akaacha kuimba. Akaufungua mkate, akauinua juu kwa mikono yote miwili. Nigora aliutazama, na alichelewa sana kuelewa, au ndivyo nilivyoona. Kisha akafungua kinywa, akauma. Akauma pale pale kwenye kioo, mbele ya wote, na pumzi yake ikaacha duara la ukungu.

Bibi aliugusisha mkate kwenye paji la uso, akaufunga, akaomba koti.

Kurudi Guildford

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Treni haikusimama. Bibi alisema, "Safar tamom," nami nikajua ameimaliza safari yake, kisha akalala begani kwangu, jambo ambalo sheria haikuruhusu. Tulifika saa kumi alasiri. Aliutundika mkate mwenyewe, mzima, haujamegwa.

Jumapili Nigora alinipigia simu, ananong'ona. Alikuwa na ugonjwa wa koo tu, sauti imekauka kabisa, na hakutaka mama yake amsikie hivyo. Alituma ujumbe, lakini aliutuma kwa mtunzaji aliyekuwepo kabla yangu. Yule aliyebebwa na gari la wagonjwa hatukumjua kamwe. Nikamwuliza kama alikuwa amesikia wimbo. Akasema hapana, aliamka tu akajisikia anaitwa.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta Bibi Hosiyat kwenye kiti chake jikoni, ametazama mlango. Chai ilikuwa bado ya moto. Nilimsemesha kama mara tatu kabla sijamgusa. Nigora alitoka hotelini siku mbili baadaye.

Tulimzika watu kumi, kama ilivyoruhusiwa. Karim alikuja na mikate, akasimama mbali na wengine. Aliponipita aliniambia kwamba sasa redio imesema kweli.

Baada ya mazishi nilikaa na Nigora jikoni, tukinywa chai. Akautoa mkate pale msumarini, akaugeuza, akacheka kidogo kwa kukumbuka kioo. Alimega akala, akanimegea na mimi. Ulikuwa mgumu, tukauchovya. Nilihisi mzigo unanitoka mgongoni: amerudi, ameumaliza, nimesamehewa. Ndipo akautazama tena ule msumari.

"Na wa Mama uko wapi?" akaniuliza.

"Wa Mama upi?"

"Ule wa mwanzo. Siku ile nilichelewa, teksi inapiga honi, nikatoka mbio bila kuuma chochote. Nikiwa uwanja wa ndege akanipigia, akasema nisijali, ameuma yeye kwa niaba yangu. Nilimgombeza. Nikamwambia, Mama, mkate unamngoja aliyeuma, sasa umejitundika mwenyewe. Alicheka sana. Lakini nadhani lilimsumbua." Akafungua kabati, akafungua na droo. "Ningependa niufukie kaburini kwake au nibaki nao, sijui wenzetu hufanyaje. Umeuweka wapi?"

Nikaweka kikombe mezani. Nikamwambia niliutupa, Jumanne ile, pamoja na maganda ya viazi, na kwamba gari la taka lilipita mchana huo huo.